Kamba ya Senja

Siku hizi pale uwanjani Kestila kengele inapigwa na kila mwenye mkono. Bao likiingia wanapiga, timu ikitoka chumbani wanapiga, na Jumamosi iliyopita niliisikia ikilia kwa sababu eti kuna mwanafunzi ametimiza miaka ishirini. Wanapanga foleni wapigwe picha nayo. Mjukuu wangu akanigeukia akaniambia, "Bibi, si na wewe ukavute? Wanaruhusu." Sikutaka kumharibia siku, lakini roho iliniuma, kwa kuwa niliwakumbuka watu ambao sasa tunawapelekea maua makaburini.

Zamani kamba ile ilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe alikuwa wifi yangu Senja, mke wa kaka yangu Reino, na kabla yake ilikuwa ya baba yake, mzee Kusti Alanko. Kengele ilitoka mgodini. Enzi za kuchimba shaba mzee Kusti alikuwa akikaa kwenye mdomo wa shimo, na ni yeye aliyekuwa akiipiga kumwambia fundi wa mashine apandishe kizimba cha watu au akishushe. Sheria ya mgodi ilikuwa moja na haikuwa na mjadala: kengele ikilia bila sababu, aliyeipiga anaachia kamba papo hapo, na haishiki tena maishani. Haukuwa ukali wa bure. Kizimba kikivutwa wakati mtu ana mguu mmoja nje, huyo mtu humpati tena akiwa mzima.

Mgodi ulipofungwa, chuo chetu kikaiomba kengele. Mzee Kusti akasema hana neno, ila kengele itakuja na sheria yake. Walikubali wakidhani anatania. Ikatundikwa kwenye pembe ya uwanja wa mpira wa magongo wa barafuni, karibu na dari, juu ya chumba cha mashine ya kugandishia barafu, na kamba yake ikateremshwa nyuma ya nguzo nene ya matofali. Ilipigwa timu yetu ilipofunga bao, na kwa jambo jingine lolote haikuguswa.

Sasa, ukisimama nyuma ya nguzo ile huoni kitu. Huoni barafu wala wachezaji, unaona matofali na migongo ya watu. Mzee Kusti hilo halikumsumbua, maana hata mgodini alikuwa hawaoni waliomo shimoni. Akaweka mtu wa pili kwenye ngazi za watazamaji, juu yake kidogo, mwenye kuona. Kile kisahani cheusi wanachogombania kikivuka mstari, na refa akanyoosha mkono kuelekea golini, mtu wa juu anampiga wa chini kofi la bega, na wa chini anavuta. Mzee alipofariki kamba ikaenda kwa Senja, na kofi likawa langu mimi, Elma. Nimempiga wifi yangu bega miaka na miaka mbele ya kadamnasi, na sijasikia mwanamke mwingine aliyewahi kupewa ruhusa kama hiyo.

"Taratibu wewe," alikuwa akininong'oneza. "Unanilipizia nini?"

"Nakulipizia supu uliyokuwa ukimpa kaka yangu."

"Kaka yako alinenepea kwangu. Mlinikabidhi mbavu tupu, mkasema nimepata mume."

Ndivyo tulivyoishi. Reino mwenyewe alikuwa ameshatutoka, vumbi la mgodi lilimmaliza kifua, akatuachia mwanawe Dale. Nasema akatuachia kwa sababu mimi sikujaliwa mtoto wa kiume, na yule alikuwa akila nyumbani kwangu kama anavyokula kwao. Tangu alipojua kusimama juu ya viatu vya barafu alitaka kuwa kipa na si kingine. Wenzake walitaka kufunga mabao ili mama yake Dale awapigie kengele. Yeye alitaka kuzuia.

Kasoro yake ilikuwa moja: alikuwa mfupi. Alipomaliza sekondari, kocha wa chuo chetu alimtazama akasema goli ni pana kuliko yeye. Alisema hivyo mbele za watu, na mji wetu ni mdogo, kwa hiyo kufikia Jumapili watu walikuwa wakirudia maneno hayo kanisani huku wakijifunika mdomo. Nilitaka kwenda kumtukana yule kocha. Senja akanizuia, akasema mtoto atajibu mwenyewe. Dale akafunga mizigo akaenda kuchezea Chuo cha Brandvold, kule Minnesota, ambao ni watani wetu wa jadi na hatukuwa tukiwapa hata salamu.

Halafu ratiba ya majira yale ikatoka. Brandvold walikuwa wanakuja Kestila mwezi wa pili, na kipa wao wa kwanza alikuwa Dale Harju.

Mji ukapata la kusema. Dukani kwa mwoka mikate, kwenye sauna za kuogea mvuke, kwenye ngazi za kanisa, hapakuwa na habari nyingine: je, Senja ataipiga kengele mwanawe akifungwa? Wengine walisema atachelewa makusudi. Wengine walisema atajifanya mgonjwa. Waino Lampinen, aliyekuwa msimamizi mgodini na sasa mwenyekiti wa kamati ya kengele, alikuja mpaka jikoni kwa Senja, akaketi na kofia yake juu ya goti. Nilikuwepo, nakata mkate wa iliki.

"Senja," alisema, "kwa siku hiyo moja, mpe mwingine. Hakuna atakayekulaumu."

"Nimpe nani?"

"Hata mimi."

"Wewe Waino umewahi kuvuta nini zaidi ya soksi zako?"

Waino akacheka, lakini hakuondoka. Akasema tena kwa upole kwamba mama ni mama, na mkono wa mama unaweza kusita.

"Hapo ndipo tatizo lilipo," Senja akamjibu. "Nikiachia kwa sababu ya mwanangu, watu watasema kweli, mkono wangu unasita. Na mkono unaosita haushiki kamba ya baba yangu. Nikiiachia siku moja nimeiachia moja kwa moja. Kunywa kahawa, itapoa."

Alipoondoka nikamwambia Senja maneno yaliyokuwa yamenikaa kooni. Nikamwambia, hivi unajua hujawahi kumwona Dale akicheza mle uwanjani? Tangu akiwa timu ya watoto uko nyuma ya nguzo. Brandvold ni mbali na gari lako halifiki hata njia panda. Njoo ukae kwenye ngazi yangu, nitavuta mimi, umtazame mtoto wako.

"Namjua bila kumtazama," alisema.

"Unamjua kwa kusikia."

"Elma, usinitie majaribuni. Kata mkate."

Nikakata mkate. Lakini nilimwona alivyoshika kingo za meza, na nilijua anataka sana. Alikuwa na vitu viwili tu vilivyobaki duniani, kamba ya baba na mtoto wa Reino, na siku ya mchezo vilikuwa vinakuja kukutana uso kwa uso.

Siku yenyewe kocha wa Brandvold, Mungu ambariki, alimruhusu Dale aje kula nyumbani mchana. Aliingia amevaa koti la kijani la wale watu, theluji mabegani, na Senja akamwambia alivue nje kwanza kabla halijamchafulia jikoni.

"Ni safi, Mama."

"Rangi ndiyo chafu."

Tulikula pasti, vile vikate vilivyojazwa nyama na viazi, Dale alikula mbili na nusu ya yangu. Alikuwa na furaha na woga, nilimjua kwa jinsi alivyokuwa akitikisa goti chini ya meza. Mwishowe akauliza kile ambacho sote tulikuwa tukikizunguka.

"Mama, leo utanipigia ngapi?"

"Kadiri utakavyofungwa."

"Shangazi Elma, umesikia? Mama yangu mzazi huyo."

"Nimesikia," nikasema. "Mimi ndiye nitakayempiga kofi, kwa hiyo ukifungwa jua tumekufunga wote wawili."

Dale akacheka, kisha akaacha kucheka. Akamwambia mama yake, "Usinichelewee. Nikifungwa, piga saa ileile. Ukinichelewea wataniona mtoto."

Senja alimshika kichwa, akambusu kwenye nywele, akamwambia aende kabla kocha wake hajamkasirikia. Nadhani ni pale alipoamua kwamba usiku ule hatachelewa hata kwa pumzi moja, na nadhani pia ni pale makosa yalipoanzia.

Uwanja ulijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi na kunibana magoti. Senja alikuwa mahali pake chini yangu, kamba ameizungusha mkononi kama baba yake alivyomfundisha, uso kwenye matofali. Kabla ya hapo alikuwa akishika kamba kwa ulegevu na kupiga soga na walio karibu. Siku hiyo hakumsemesha mtu.

Na Dale alicheza, jamani. Nimeangalia mpira wa magongo maisha yangu yote na sijapata kuona kitu kama kile. Vijana wetu walimjia kutoka kila upande, naye akizuia kwa mguu, kwa gongo, kwa kifua, mara moja kwa kile kinyago cha uso, kikalia ko! mpaka nikafumba macho. Ufupi wake ulikuwa umegeuka faida. Alikuwa ameshafika chini wakati kipa mrefu angekuwa bado anakunja magoti. Kipindi cha kwanza kikaisha bila bao, cha pili vilevile. Wao nao hawakutufunga. Kila watu walipopiga kelele niliona mgongo wa Senja ukikakamaa, kisha akaniangalia juu, nikatikisa kichwa, naye akarudi kwenye matofali.

"Vipi?" aliniuliza mapumziko.

"Yuko vizuri."

"Vizuri namna gani?"

"Namna ambayo ungekuja ukaona."

"Acha hayo."

Nyuma yangu mtu mmoja, simtaji kwa kuwa watoto wake bado wanaishi hapa, akasema kwa sauti kwamba huenda mama ameshafunga kengele fundo. Niligeuka nikamwambia kengele hailii mabao ambayo hamjafunga, na kama ana haraka ashuke barafuni akafunge yeye na tumbo lake. Watu walicheka. Lakini Senja alikuwa ameyasikia maneno yale, niliona shingo yake ikiwa nyekundu.

Kipindi cha tatu kikaisha, bado sifuri kwa sifuri. Wakaongeza muda.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Kijana wetu Gary Tervo alinyakua kisahani katikati ya uwanja akawaacha wote, akabaki yeye na Dale peke yao. Akapiga. Dale akazuia kwa mguu, akaanguka, na kisahani kikamrudia Gary, goli liko wazi upande mzima. Watu wakasimama. Gary akapiga tena, na Dale akajirusha kinyumenyume, amelala chali, akanyoosha mkono wenye glovu nyuma ya kichwa bila kuona, na kisahani kikaingia kwenye glovu juu ya mstari wenyewe.

Uwanja mzima ukalipuka. Walikuwa watu wetu, wenye rangi zetu, waliolipa kuona Brandvold wakichapwa, lakini yule alikuwa mtoto aliyewapelekea magazeti na kuwafyekea majani, na waliyemcheka kanisani, na walipiga kelele mpaka paa likatetemeka. Mimi nilikuwa nimeshika kichwa kwa mikono yote miwili, nalia.

Chini yangu kengele ikalia.

Mlio wa kengele ile si mchezo. Kelele zote zikakatika. Vijana wetu barafuni wakainua magongo juu wakidhani wamepewa bao, Gary akaanza kukumbatiwa, na refa akaja mbio akifagia hewa kwa mikono: hakuna bao, hakuna. Kisha watu wakaanza kugeuka, safu moja baada ya nyingine, kuangalia kwenye nguzo.

Senja alikuwa ameniinulia uso. Sijawahi kuuona mweupe vile.

"Limeingia," alisema. "Si limeingia?"

"Halikuingia."

"Hukunipiga kofi?"

"Sikukupiga."

"Mbona watu wamepiga kelele vile?"

"Wanampigia Dale. Amezuia."

"Watu wetu?"

"Watu wetu, wifi. Wote."

Nilijua alichofanya bila yeye kunieleza. Alikuwa ameingoja saa ile usiku mzima, ameogopa kusita, na kelele zilipokuja kubwa kuliko zote hakungoja kofi la bega. Mtu ambaye miaka yote hakuwahi kuvuta kabla ya wakati alivuta, na alivuta kwa sababu alitaka kuwa mwaminifu. Hilo liliniumiza kuliko kama angekataa kupiga.

Waino Lampinen akashuka ngazi, kofia mkononi. Watu walimpisha. Alikuwa mtu mzima aliyeona watu wakitolewa shimoni, na sheria ile hakuichukulia mzaha, lakini usiku ule alitembea kama aliyetumwa msibani.

"Senja," alisema. "Sheria unaijua."

"Naijua kuliko wewe."

"Naweza kuwaambia kamati..."

"Usiwaambie kitu. Kengele imelia bila bao. Baba yangu angekuwa hapa angeshaniondoa, na wala asingevua kofia."

Waino akanyoosha mkono apokee kamba. Senja akaanza kuizungusha kuitoa kwenye kiganja chake, polepole. Alipofika duara la mwisho akasimama.

"Elma," alisema, "umesema amezuia?"

"Amezuia."

"Mwenyewe? Bila kubahatisha?"

"Amelala chali, mkono nyuma ya kichwa. Mungu mwenyewe alikuwa anatazama."

Akaizungusha kamba tena mkononi. Waino akasema, "Senja," lakini hakumgusa.

"Ile ya kwanza ilikuwa kosa," Senja akamwambia. "Hii siyo."

Akavuta. Alivuta kwa uzito wake wote, visigino vikainuka, na kengele ya mgodi ikalia kwa ajili ya kipa wa Brandvold katika uwanja wa Kestila, na hapakuwa na mtu aliyezomea. Barafuni Dale alikuwa amepiga magoti, anafunga kamba ya kiatu. Niliona mikono yake ikisimama.

Kisha Senja akaitoa kamba mkononi, akamkabidhi Waino, akampangusia vumbi la matofali lililomwingia begani, sijui kwa nini, na akapanda ngazi. Nilimsogezea nafasi. Wale walionibana magoti walisogea pia, hata yule mwenye tumbo. Akaketi, akafuta macho kwa kitambaa, akakodoa macho kwenye zile taa kali ambazo hakuwa amezizoea.

"Yuko wapi?"

"Yule pale. Golini, upande wa kushoto."

Akamtafuta. Akamwona. Akaushika mkono wangu.

"Mungu wangu," alisema, "mbona mdogo hivyo!"

Nilitaka kucheka na sikuweza. Refa akapuliza filimbi, mchezo ukaendelea, na wifi yangu aliyekuwa kimya usiku ule nyuma ya nguzo akageuka mtu nisiyemjua. Alipiga kelele. Alimwambia Dale afunge miguu, alimwambia refa anunue miwani, na Gary Tervo alipokaribia tena alimwambia arudi kwao akamsaidie mama yake kuosha vyombo. Alivunja vidole vyangu karibu vyote. Chini, Waino alikuwa ameikumbatia kamba nyuma ya nguzo, haoni kitu, na kila mara aliniinulia uso na mimi nikatikisa kichwa. Sikujua tena ninamwombea nani. Najua tu kwamba sikutaka kumpiga kofi.

Kisahani hakikuingia. Filimbi ya mwisho ikapulizwa, sifuri kwa sifuri, na wachezaji wa Brandvold wakamkimbilia Dale wakamgonga kichwa na mgongo kama wafanyavyo. Alipojinasua alisukuma kinyago juu, akageukia nguzo yetu. Alijua mahali pa kumtafuta mama yake, hakuwahi kumkuta pengine. Akamwona Waino na kamba mkononi. Niliona uso wa yule kijana ukibadilika, akaelewa, akaanza kusogea haraka kwenye ubao wa pembeni akitafuta, macho yakipita juu yetu bila kutuona.

Senja akapanda juu ya benchi. Mwanamke wa umri wake, na magoti yake yale, na koti lake la kanisani. Mikono yote miwili ilikuwa mitupu, na yote miwili akampungia.